Niliowaita kuniondolea samaki bwawani Mbezi Beach: kazi nzuri, ila shika pochi yako

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Walinitajia shilingi 320,000 kwa bwawa la mita sita kwa nne, kina cha kiunoni kwa mtu mfupi kama mimi. Ndani ya hiyo kuna kuvua samaki, kunyonya maji, kuzoa tope, kumwaga chokaa, na kurudi kukagua miezi mitatu baadaye. Maji ya kujaza tena ni juu yako, na hiyo si hela ya kufumbia macho: bwawa la ukubwa huo linakunywa maboza mawili ya lita elfu kumi na bado unaongezea kwa mpira wa bomba. Wenye visima msifurahi haraka. Huku kwetu chini ya barabara ya Bagamoyo visima vingi vina chumvi, na mayungiyungi hayaitaki.

Shoga yangu aliposikia hiyo bei akaguna. Yeye ana fundi wake wa laki moja na nusu, na mtu wa tatu alikuwa tayari kunifanyia bure kabisa. Wote wawili niliwakataa, na nitasema kwa nini, maana hapo ndipo penye maneno. Hawa niliowachukua siwataji jina. Ni vijana wanne na guta moja, na mkubwa wao ameniomba nisiwatangaze mpaka wapate guta la pili. Wanaonijua wanajua pa kuniulizia.

Kwa wasioijua bustani yangu, naikodisha kwa sherehe ndogondogo: sendofu, kicheni pati, kipaimara, harusi za watu wasiozidi mia mbili. Bwawa lipo kwa ajili ya picha. Bibi harusi anasimama juu ya jiwe, mpiga picha analala kifudifudi ng'ambo ya pili, koi wekundu, wale samaki wa mapambo, wanapita chini ya mayungiyungi, watu wanalipia. Ndiyo biashara yenyewe. Maji yakishakuwa rangi ya chai ya maziwa hakuna picha tena, na wapiga picha wa siku hizi hawana haya, wanakwambia mbele ya mteja: "Mama, hapa labda tupige ukutani."

Maji yalifika huko kwa kazi ya watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa na nia njema. Mlinzi wangu, babu mmoja mstaarabu sana, aliletewa vifaranga vya sato kutoka Kibaha, akaona bwawa lina nafasi, akawatia humo akisubiri mboga. Jirani wa nyumba ya pili ni mtumishi wa wizara. Alipohamia Dodoma tenki lake la sebuleni halikupata nafasi kwenye lori, basi watoto wake wakaja jioni na ndoo: gapi (visamaki vya rangi vya tenki) wengi wasiohesabika, samaki wa dhahabu wawili, na yule samaki mweusi wa kulamba vioo ambaye wakati huo alikuwa na urefu wa kidole. Babu akapokea ndoo. Kambale hatujui alitoka wapi. Masika iliyopita maji ya barabarani yaliingia mpaka jukwaani, na kambale ni kiumbe anayevuta hewa ya juu, majani yakiwa yamelowa anaweza kujiburuta akahama bwawa. Babu anashikilia kwamba alikuja mwenyewe kwa miguu yake.

Mharibifu mkuu alikuwa sato. Dume la sato linachimba shimo chini ya maji la kuvutia majike, kila dume na shimo lake, na kwangu walichimba mpaka kwenye vyungu vya mayungiyungi. Vyungu vikapinduka, mizizi ikaelea. Halafu wanazaana wakiwa bado wadogo. Bwawa likishajaa hawakui tena, wanadumaa, wanabaki wa ukubwa wa kiganja wakiendelea kutaga. Babu alikuwa akiwavua kwa ndoano kila Jumapili na hakuna aliyeona tofauti.

Sasa hao wawili niliowakataa.

Yule wa laki na nusu alikuja na ndoo ya klorini ya mabwawa ya kuogelea. Mpango wake ulikuwa kumwaga yote jioni, asubuhi kuokota mizoga, kisha kufungulia maji kwenye mtaro. Nikamuuliza, na koi wangu? "Utanunua wengine, mama." Mtaro wangu unashuka mto Mbezi, na mto Mbezi unaingia baharini, mahali ambapo watu wanavua. Hilo halikumshughulisha. Mzee wa Kizigua anayeniuzia miche alikuwa na wazo la namna hiyohiyo, ila la kienyeji: utupa. Unatwanga majani, unayaloweka, samaki wanaelea wenyewe. Namheshimu sana mzee wangu, na dawa yake inafanya kazi kweli. Ndani ya utupa mna sumu iitwayo rotenoni, ambayo hata idara za uvuvi za nchi nyingine huitumia kufuta samaki wageni kwenye maziwa madogo, kwa mpangilio na usimamizi. Lakini haichagui. Koi wangu angekufa pamoja na sato. Na maji hayo yakifika mtoni utakuwa umeingia kwenye habari ya sumu na samaki, ambayo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imeikataza waziwazi.

Yule wa bure ndiye aliyekaribia kunipata. Kijana mpole, anaongea vizuri, shikamoo yake ya heshima. Alitaka achukue sato wakubwa akauze, na hao wengine, gapi na samaki wa kulamba vioo na wadogo wote, "tutawaachia mtoni mama, wakaishi." Aliona ni huruma, na watu wengi wataona hivyo, maana kumwacha kiumbe hai aende zake kunapendeza kuliko kumuua. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Ukiitisha bei za kazi hii, kabla hujapiga hesabu ya shilingi uliza samaki watakwenda wapi. Bei yote imejificha humo. Wa bure ni wa bure kwa sababu mto haudai.

Wale niliowachukua niliwajua kwa swali la kwanza la mkubwa wao kwenye simu. Kabla ya kuuliza ukubwa wa bwawa aliuliza: "Mama, bwawa likijaa, maji yake yanatokea wapi?" Nikamweleza habari ya mtaro. Akasema siku ya kazi hakuna tone litakalopita pale, nimtafutie mahali pa kumwagia, kama nina migomba itakuwa vizuri zaidi. Migomba ninayo nyuma ya jiko. Tukaelewana.

Walichelewa. Walisema saa moja asubuhi, wakafika saa tatu kasoro, kisingizio foleni na ujenzi wa barabara ya mwendokasi. Foleni ni kweli, lakini foleni ya barabara hiyo si habari mpya kwa mtu wa Dar, ungetoka mapema. Wakishafika lakini hawapotezi muda. Wana pampu ya petroli yenye kelele ya kuamsha mtaa, mapipa ya plastiki ya bluu, mabeseni, nyavu za mikono na kipande cha juya cha kukokota kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kilichonipendeza ni neti. Mdomo wa pampu waliufunga neti laini ya nailoni, na mwisho wa mpira, kule kwenye migomba, wakaweka gunia lenye neti nyingine. Nikauliza, mbili za nini? Kijana akafungua gunia akanionyesha: vitoto vya gapi vilivyopenya neti ya kwanza, wembamba wa sindano, bado vinarukaruka.

Mkubwa wao ni mtu wa Ukerewe, nami nitamwita Mkerewe. Ana umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, haongei sana, na mikono yake imekaa kiuvuvi. Alichukua sato jike mmoja tumbo halijavimba, la kawaida tu, akamweka kwenye beseni jeupe akaniita: "Dada, njoo uone kwa nini kuwavua kwa ndoano hakusaidii." Yule samaki akatulia kidogo, akafungua kinywa, akatema wingu la vitoto. Vilijaa beseni. Anawabeba mdomoni, tangu mayai mpaka waweze kuogelea, na akishtuka anawatema. Kwa hiyo ukiacha jike mmoja kwenye kidimbwi cha chini, cha kina cha mguu, umeacha bwawa zima. Babu alikuwa pembeni ameshika kiuno, akasema tu: "Kumbe." Tangu siku hiyo hajagusa ndoano.

Nilikwenda kusoma kidogo baadaye, nikakuta wafugaji wamehangaika na tatizo hilihili miaka mingi, wakitafuta namna ya kupata madume matupu ili bwawa lisijae vitoto. Mwaka 1960 huko Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, mtaalamu mmoja, Hickling, alitangaza kwamba amepandisha dume la perege, jamaa wa sato, waliotoka Zanzibar kwa jike la perege waliotoka Java, wakazaliwa madume tu. Perege wa kwetu wakaenda kutatua shida za watu wa Malaka, hukohuko Malaya, na mimi hapa Mbezi Beach nahangaika na sato wa Kibaha.

Kupanga samaki ndiyo kazi iliyochukua muda kuliko kuvua. Mapipa matatu: wa kubaki, wa jikoni, wa kuondoka nao. Wa kubaki walikuwa koi wangu watano na samaki wa dhahabu wawili. Hao wa dhahabu waliingia wakiwa wa urefu wa kidole gumba, wakatoka wamejaa kiganja na nusu. Mkerewe alinitahadharisha nisije nikawaona wazuri nikamgawia mtu mwenye shamba la bondeni. Nimesoma kwamba mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota kule Marekani, uliwatangazia wakazi wake waache kumwaga samaki wa dhahabu kwenye maziwa, kwa kuwa waliovuliwa humo walikuwa wamenenepa kupita kiasi na walikuwa wakitifua tope la chini. Na huko maji yanaganda kwa baridi. Fikiria huku kwetu.

Wa jikoni ni sato. Kwa kuwa hakuna dawa iliyomwagwa, waliliwa. Babu alipata ndoo, vijana wenyewe wakapata, mtaa ukapata, na mimi nikawakaangia mchana nikapika na ugali. Wana miba mingi kuliko nyama, nisiwadanganye. Ladha ya tope kidogo. Ndimu inasaidia.

Kwenye pipa la tatu alikuwa yule wa kulamba vioo. Aliyekuwa kidole amekuwa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, mgongo wa magamba magumu yenye miiba, hata neti ilimnasa ikabidi ikatwe. Hao asili yao ni Amerika ya Kusini. Watu wananunua kwa sababu vinakula utando wa kijani kwenye vioo, hakuna anayewaambia vinafika wapi. Mexico na Florida vimeshaingia mitoni, vinachimba matundu ya kutagia kwenye kingo mpaka udongo unaporomoka. Vimeshaingia pia mito ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, siyo mbali. Sasa mtu anayeijua mito ya Dar, anayejua nyumba zilivyobaki zinaning'inia kwenye kingo za Msimbazi na Mbezi kila baada ya masika, akili yake itafanya hesabu yenyewe. Huyu walimchukua akakae kwenye tenki lao la zege wanalowawekea wasiotakiwa, lisilo na njia ya kutokea. Nilitaka kuliona hilo tenki, nikaletewa video kwa simu. Nimeamini nusu. Atakayewaita aende akaone.

Gapi ndio walioniuma, kwa sababu ni wadogo na wana rangi, na watoto wa jirani waliwaita kwa majina. Walikuwa wengi mno kupata wa kuwachukua. Mkerewe alitoa kichupa cha mafuta ya karafuu, akadondosha kwenye chupa yenye maji kidogo, akatikisa mpaka maji yakawa meupe, akamimina kwenye ndoo yao. Wakapunguza mwendo, wakalala ubavu, akaongeza, wakaisha. Hakuna kurukaruka. Bustani yote ikanuka kliniki ya meno. Wakazikwa kwenye migomba. Nimeshaona watu wakiwatupa samaki hai kwenye jalala au chooni na kuvuta maji, kwa hiyo kwa hili nawapa nyota zote.

Kambale alitoka wa mwisho. Bwawa limebaki tope, kila mtu anajua yumo, haonekani. Kijana mmoja aliingia kwa mikono, akapiga yowe, akaanguka chali, kambale akapita juu yake akaelekea kwenye majani ya bustani kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa samaki. Babu ndiye aliyemdaka. Sisemi zaidi, alipikwa kwa nazi.

Wakati wa chakula nilimuuliza Mkerewe amejifunzia wapi ukali huu wa samaki wa kuja. Akasema hakujifunza, alizaliwa ndani yake. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, wa kila namna, wenye mistari, wenye midomo minene, wakubwa kwa wadogo, watoto wanawachambua kwenye ungo. Yeye alipoanza kwenda ziwani alikuta sangara. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akakaa kimya muda mrefu, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, na wataalamu wanakadiria mia mbili na zaidi kati yao hawaonekani tena, kwa kuliwa na sangara na kwa maji kuchafuka pamoja. Sato naye aliletwa ziwani miaka hiyohiyo ya 1950, na ngege, perege wa asili wa pale, akawa wa kutafutwa kwa tochi. Haya aliyasema bila machungu. "Sangara ndiye aliyenisomesha, dada. Viwanda vya minofu Mwanza vilimlipa baba. Lakini aliyemwaga hakutuuliza."

Na si Ziwa peke yake. Mito ya huku Pwani, Wami, Ruvu mpaka Rufiji, ina perege wake wa asili, na sato wa kufugwa akiingia humo anazaana nao, wanazaliwa chotara, na baada ya vizazi kadhaa hujui tena nani ni nani. Hili limeshaonekana kwenye maji yetu, si la kutishiana. Ndiyo maana Mkerewe hataki hata kusikia habari ya sato wa bustani kwenda mtoni, ingawa sokoni sato ni samaki wa heshima.

Tulipokuwa kwenye hayo akanionyesha picha kwenye simu yake: samaki mdogo, mwekundu na buluu, nikadhani ni wa Singapore. Kumbe ni wa hapahapa. Wanaitwa Nothobranchius kwa jina la kitaalamu, wanaishi kwenye madimbwi ya msimu ya ukanda wetu wa pwani. Dimbwi likikauka wote wanakufa, mayai yanabaki ndani ya tope yakisubiri mvua, mvua ikija wanaanguliwa, wanakua haraka haraka, wanataga, basi. Yupo wa Unguja, guentheri, anayejulikana tangu mwaka 1893, na wapenzi wa samaki Ulaya wanatumiana mayai yake kwa posta. Madimbwi yenyewe huku Dar yanafukiwa na kifusi kila siku ili tujenge, mimi nikiwemo mtaani humu. Na madukani tunauziwa gapi wa Amerika ya Kusini.

Na hapo kwenye gapi ndipo nianze kulalamika.

Mkerewe aliondoka kwenda kununua chokaa. Yule kijana mdogo, msemaji wao, akanifuata na mfuko wa plastiki wenye maji. Ndani gapi. Elfu mbili kila mmoja, "wa kula mbu, mama, bwawa tupu linaleta dengi." Nikamtazama. Nimetoka kuwazika mia kadhaa kwenye migomba! Hoja ya mbu yenyewe si ya kupuuza; Dar tuliuguza dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mimi nina wageni wanaokaa nje mpaka usiku. Lakini koi na samaki wa dhahabu nao wanakula viluwiluwi vya mbu, na pampu ya kuchezesha maji inasaidia kwa sababu mbu hapendi kutaga kwenye maji yanayotikisika. Hiyo biashara ya samaki wa kula mbu imeshawahi kufanywa kwa ukubwa kuliko mfuko wake wa plastiki: gambusia wa Marekani walitawanywa karibu dunia nzima karne iliyopita kwa ajili ya malaria, na Australia mpaka leo wanahesabika ni viumbe waharibifu. Nikamwambia hapana. Akahamia kwenye taa ya kuua mwani. Akahamia kwenye koi wa Japani, "damu halisi." Mkerewe aliporudi akaukuta mfuko mezani, akaangalia pembeni, hakusema neno. Hapo nimemtoa nyota. Huwezi asubuhi kunifundisha habari za sangara, mchana kijana wako ananiuzia gapi.

Kosa lao kubwa lakini ni la betri. Pampu ya hewa iliyokuwa kwenye pipa la koi inatumia betri, na betri iliisha saa za mchana hakuna aliyeangalia. Koi mmoja, yule mweupe mwenye doa kichwani ambaye yumo kwenye picha za harusi nyingi kuliko wasimamizi, nilimkuta amegeuka tumbo. Walipunguza 40,000 bila kubishana na Mkerewe aliomba radhi vizuri. Koi wa ukubwa ule hapatikani kwa pesa hiyo. Nilichokifanya, na ninachowashauri, ni kumweka mtu wa nyumbani kukaa kwenye mapipa tangu asubuhi mpaka jioni. Walivunja pia kigae kimoja cha ukingoni, na pampu ilidondosha mafuta kwenye nyasi, pamebaki alama ya njano mpaka leo.

Baada ya kuzoa tope walinyunyiza chokaa sakafuni na kwenye kingo, wakaniambia niache jua lifanye kazi mpaka mabaki ya tope yapasuke, nisiwe na haraka hata mteja akilia. Harufu siku za mwanzo ni kali. Usipange sherehe. Walinisaidia pia kwenye kujaza: maji ya DAWASA yana klorini, koi hawaingii siku hiyohiyo, unayaacha na pampu ya kuchezesha maji inafanya kazi kwanza. Koi walingojea kwenye tenki la plastiki la lita elfu moja chini ya mwembe.

Sasa maji yametulia, ukisimama kwenye jiwe unaona sakafu. Mayungiyungi yamepandwa upya kwenye vyungu vizito. Walirudi kukagua kama walivyoahidi, bila kukumbushwa, na safari hii hawakuchelewa. Nilikuwa nimewaambia nimeona vitoto vyeusi ukingoni, moyo umeniruka. Mkerewe akachota kwa kikombe, akacheka: vilikuwa vitoto vya chura. Vyura wamerudi kwa sababu hakuna sato wa kula mayai yao. Wageni wangu wengine hawapendi kelele zao usiku, mimi naona MC ana kelele zaidi.

Kwa watakaowaita: waiteni kabla ya masika, maana mvua zikishaanza tope halikauki na chokaa inasombwa. Mtake Mkerewe awepo mwenyewe mpaka mwisho. Waambie mapema kwamba hununui samaki. Andikishaneni samaki wanakokwenda, kila aina na mahali pake, kwa meseji tu inatosha. Malipo wanapokea kwa simu au taslimu, nusu kabla na nusu baada. Risiti ya mashine hawana bado, kwa hiyo kama unawaita kwa niaba ya hoteli au ofisi, lizungumzeni hilo kabla guta halijaingia getini.